Mrija wa kupumulia wa mtoto mchanga: niamini masikio au kipimo?

Swali: Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Tulimwekea mtoto wa kilo 2 mrija wa kupumulia. Nikisikiliza kifuani nasikia pumzi pande zote, na mrija una mvuke, lakini kipimo cha kaboni dioksaidi kimebaki zambarau na mapigo ya moyo hayapandi. Nifuate kipi?

Jibu: Fuata moyo na kipimo. Kifua cha mtoto mchanga ni kidogo mno, kiasi kwamba hewa inayoingia tumboni husikika hadi kwapani kana kwamba iko mapafuni. Mvuke nao si ushahidi. Huonekana hata mrija ukiwa kwenye umio, yaani njia ya chakula.

Mrija ukikaa mahali pake, mapigo hupanda haraka na kipimo, kikipata kaboni dioksaidi ya pumzi, hugeuka kutoka zambarau kuwa njano ndani ya pumzi 8 hadi 10. Kwa mtoto wako mambo yote mawili yamekosekana, kwa hiyo uhesabu uko kwenye umio. Utoe, mpe hewa kwa mfuko na barakoa, ndipo mjaribu upya. Tafadhali msibishane huku mtoto hapati hewa.

Tahadhari ni moyo uliosimama au unaopiga kwa udhaifu sana. Damu isipopita mapafuni, kaboni dioksaidi haitoki, na rangi haibadiliki ingawa mrija uko sawa. Hapo mwenye uzoefu atazame upesi kwa laringoskopu (kifaa cha kutazamia koo) kama mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti. Kipimo hudanganya kinyume chake pia: kikilowa dawa ya adrenalini au majimaji ya tumboni hubaki njano tu. Cha kuaminika hucheza, njano mtoto akitoa pumzi, zambarau akiingiziwa.

Kina cha mrija ni jambo jingine. Jumlisha 6 kwenye uzito wa kilo. Kwa mtoto huyu, alama ya sentimita 8 iwe mdomoni. Kwa walio chini ya gramu 750 hesabu hii huupeleka mrija ndani mno. Ukizidi kuingia, mara nyingi huelekea pafu la kulia na pumzi za kushoto hufifia. Hapa masikio yanasaidia: uvute kidogo kidogo hadi pande zilingane, kisha eksirei ithibitishe. Kichwa kisipinde wakati wa picha, kwani kidevu kikiinama ncha hushuka, kikiinuka hupanda. Andika alama hiyo ya sentimita kwenye faili, zamu inayofuata ijue kama mrija umesogea.