Kusomea miti na ukame ukiwa Dodoma: kazi ikoje, upime nini, ajira iko wapi

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: mwenye shahada ya kwanza ya botania aliyeko Dodoma aanzie wapi ili awe mwanaikolojia wa mimea wa mambo ya ukame na tabianchi, kazi yenyewe porini ikoje, na kama ajira zipo. Naanza na la pili, maana hilo ndilo watu hawaambiwi.

Kanda ya kati inafaa sana kwa kazi hii. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, kisha miezi mingi ya jua tupu. Tatizo ni kwamba mti uliokufa Bahi au Chamwino unaweza kuwa umeuawa na ukame, mbuzi, shoka la mchoma mkaa au moto, na mara nyingi vimeshirikiana. Nusu ya taaluma hii ni kuvitenganisha hivyo. Angalia Kondoa: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka 1979, uoto ukarudi hadi kwenye makorongo. Mtu akipanga picha za setilaiti za pale sambamba na takwimu za mvua bila kujua habari ya mifugo, atatoka na grafu nzuri na hitimisho la uongo.

Kwa hiyo ploti (vipande vya ardhi vya kupimia) ziende kwa jozi: moja ya mita 20 kwa 20 ndani ya uzio wa kuzuia mifugo, nyingine ya ukubwa huohuo nje, udongo na mteremko ule ule, na jozi zisipungue tano. Usichanganye mbuga na kichanga. Udongo mweusi wa mbuga, ukikaushwa kwenye oveni (nyuzi 105, saa 24) kupima maji yake, unaweza kuonyesha unyevu mwingi huku mti uliosimama juu yake una kiu, kwa sababu mfinyanzi unayang'ang'ania maji. Alama za pembe usiweke nondo, zitaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwaga zege kwenye shimo, liwe usawa wa ardhi, uandike umbali kutoka jiwe kubwa au mbuyu, maana GPS ya simu inakosea mita 3 hadi 5 na kwenye kichaka hizo ni nyingi.

Kipenyo cha shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mstari wa rangi uchorwe hapo ili anayekuja mwakani asipime juu au chini yake. Ukifunga ukanda wa dendrometa (kipimo kinachozungushwa shinani kuonyesha linavyonenepa), usishangilie "ukuaji" wa Desemba: gome lililonyauka linakunywa maji na kuvimba. Linganisha Oktoba na Oktoba, shina likiwa kavu mara zote mbili.

Kifo cha mti nacho kina mtego. Mti usio na jani Agosti si lazima uwe umekufa. Kwangua gome kwa ukucha, ukiona kijani au unyevu chini yake, uandike hai. Usihesabu kifo mpaka Februari, mvua zikiwa zimekolea na jirani zake wote wamechipua. Hata hapo, tenga safu mbili kwenye daftari: waliokufa juu tu na kuchipua shinani, na waliokufa mpaka mizizi. Kilimo cha kisiki hai (kutunza machipukizi ya visiki yawe miti tena), kinachofanyika Dodoma yetu hii, kinategemea hilo kundi la kwanza. Ukilichanganya na la pili utaripoti msiba ambao haupo.

Chombo ambacho kila mwanafunzi anakitamani ni presha chemba, ile ya Scholander ya 1965. Maji ndani ya mti yamevutwa kama mpira wa manati. Ukikata kijitawi yanarudi ndani. Unakiingiza kijitawi kwenye silinda, ncha iliyokatwa ikitokeza nje kupitia raba, unafungulia naitrojeni taratibu mpaka maji yachomoze kwenye mkato. Presha hiyo, ukiitia alama ya kutoa, ndiyo mvutano wa maji mtini kwa megapaskali (1 ni sawa na baa 10). Pima mara mbili: alfajiri kati ya saa 10 na saa 11 na nusu, mti ukiwa umepumzika na kipimo kikikaribia hali ya udongo penye mizizi, halafu mchana saa 6 hadi saa 8. Tofauti ya hivyo viwili inakuonyesha kama mti unafunga vitundu vya majani mapema au unabahatisha.

Kinachoharibu vipimo kwa kawaida ni haraka na uzembe. Jani livishwe mfuko wa plastiki kabla ya kukatwa, lipimwe ndani ya dakika chache. Kata mara moja kwa wembe mpya. Kila ukirudia kukata namba inahama. Presha isizidi megapaskali 0.02 kwa sekunde unapokaribia mwisho. Jamii ya Commiphora (miti ya manemane) hutoa utomvu unaojifanya maji: ufute kwa karatasi laini, tazama kwa lenzi, subiri maji maangavu yanayoendelea kutoka. Uso usiwe juu ya mfuniko hata siku moja, kijitawi kikifyatuka kinatoboa jicho. Chemba ya megapaskali 4 usinunue kwa huku, miti migumu ya kiangazi inaimaliza. Tafuta ya 10. Na ujue kwamba miti mingi itakuwa imepukutisha majani ifikapo Julai, hivyo miezi ya dhahabu ni Machi hadi Juni, udongo unapokauka.

Usidhani pia kwamba mti wa Dodoma umezoea ukame basi hauna wasiwasi. Mtafiti Choat na wenzake, kwenye jarida la kisayansi la Nature 2012, walikusanya spishi 226 kutoka maeneo 81 duniani, na takribani asilimia 70 zilikuwa na akiba isiyofika megapaskali 1 kabla mapovu ya hewa hayajaziba mirija kiasi cha kuhatarisha uhai. Akiba hiyo ni ndogo misituni kwenye mvua nyingi na hata kwenye nchi kavu.

Za setilaiti, kwa kifupi: CHIRPS (hifadhidata ya makadirio ya mvua) ina mvua tangu 1981 kwa viboksi vya kilomita 5 hivi, Sentinel-2 ina picha za mita 10 tangu 2015. Ukijani wa Desemba ni wa nyasi zaidi kuliko miti. Miyombo huchipua Septemba na Oktoba kabla ya tone la kwanza, na Faidherbia albida (mti wa jamii ya migunga) hubeba majani kiangazi na kuyaangusha masika. Kwenye mvua usiangalie jumla ya mwaka pekee, hesabu siku mfululizo zenye chini ya milimita 1 katikati ya msimu.

Sasa uanzie wapi. Jifunze kutambua miti isiyo na majani, kwa gome, miiba na harufu. Wazee wa Kigogo ni walimu kuliko kitabu, lakini kata sampuli, ikaushe, uihakikishe kwenye hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya taifa Arusha. Jifunze R (programu ya kuchambua data) na takwimu kabla ya kuwaza vifaa. Barua ya chuo ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kama ni msitu wa hifadhi. Ukiruka kijiji, uzio wako hautamaliza wiki.

Ajira: vyuo (UDOM cha Dodoma, SUA cha Sokoine Morogoro), TAFORI (utafiti wa misitu), TAWIRI (utafiti wa wanyamapori), TFS, na miradi ya kurejesha uoto. Ushauri wa tathmini za mazingira unalipa zaidi, ila lazima usajiliwe NEMC (baraza la taifa la mazingira), na huko hutapata muda wa kufuatilia mti mmoja miaka kumi. Nafasi za utafiti bila uzamili ni za usaidizi, mara nyingi kwa mkataba. Ukimwandikia profesa kuomba uzamili, ambatanisha jedwali la ploti zako hata kama ni mbili tu. Wengi humtumia vyeti pekee.