Mlango na Pigo la Muziki: Ushauri kwa Anayeanza Kutunga Muziki wa Filamu

Nilipoanza kazi hii, nilikuwa nikitunga kwanza wimbo ulionipendeza, kisha nahangaika kuuvuta na kuubana ili uendane na picha. Siku hizi sigusi kinanda kabla sijapiga hesabu, na ningemshauri kila mtunzi anayeanza afanye vivyo hivyo.

Katika onyesho moja nililowahi kulitungia muziki, mwanamke anasoma barua, anaikunja, anainuka, na inapotimia sekunde 23.1 tangu muziki uanze, anafunga mlango nyuma yake. Rasimu yangu ya kwanza iliweka mdundo kwenye kila tendo, hata kwenye kukunjwa kwa karatasi, na mwongozaji akaniambia kwamba namsimulia mtazamaji mambo anayoyaona kwa macho yake mwenyewe. Alisema kweli. Nikaubakiza mlango peke yake, kwa sababu hapo ndipo uamuzi wa yule mwanamke unapokamilika.

Niliitaka kasi ya mapigo 116 kwa dakika, lakini kwa kasi hiyo mlango ulifungwa zaidi ya nusu pigo baada ya pigo zito linaloanzisha kundi la 12 la mapigo manne manne. Kanuni yenyewe ni nyepesi: idadi ya mapigo unayotaka yatangulie tukio izidishe kwa 60, kisha igawanye kwa sekunde. Mapigo 44 yalinipa kasi ya takriban 114.3, tofauti ambayo msikilizaji haitambui, na mlango ukaangukia mahali pake. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo kuunda filamu, isikukoseshe usingizi, kwani katika filamu ya fremu 24 kwa sekunde, pigo likichelewa fremu moja au mbili bado huonekana liko pamoja na tendo, ilhali likitangulia hugundulika upesi zaidi.

Kabla ya yote hayo, muulize mhariri kasi ya fremu. Picha ya fremu 24 ikichezwa kwa fremu 25, kila dakika hupungua sekunde 2.4, na hesabu yote huharibika.

Omba pia upewe picha ambayo uhariri wake umekwisha. Mimi nililetewa onyesho lile upya likiwa limepunguzwa fremu 30, yaani sekunde 1.25, ikabidi kundi moja, lile la barua kukunjwa, nilipe mapigo mawili badala ya manne, nikapandisha kasi hadi 115.3, na mlango ukafungwa tena sambamba na pigo zito.