Mdomo wa klarineti umegeuka rangi na unanuka: uoshe, usiuchemshe

Ndugu uliyeuliza kama uuchemshe mdomo wa klarineti yako ya mtumba (ile ala ya muziki ya kupuliza), uliogeuka kahawia-kijani na kunuka mayai viza: usithubutu. Maji ya moto huzidisha ile rangi papo hapo, na joto huulegeza ukapinda. Ukishapinda, ridi, kile kijiti chembamba kinachotetema ukipuliza, haikai tena sawa.

Mdomo huo ni wa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi, hata theluthi ya uzito wake. Nelson Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1851. Mwanga, hewa na unyevu vikiila miaka nenda miaka rudi, salfa ya juujuu hugeuka asidi. Rangi na harufu chanzo chake ni hicho, na mvuke wake hutia weusi vitufe vya fedha vilivyofungiwa nao kasha moja.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Magadi ya maharage ni makali mno, na hamira haisaidii kitu. Tumbukiza upande wa kupuliza tu, ule mkanda wa koki unaouunga mdomo na klarineti ubaki juu ya maji, maana gundi yake huachia. Robo saa yatosha. Suuza, sugua ndani kwa kitambaa laini chenye sabuni ya maji, suuza tena, kausha kivulini.

Ukiona ukoko mweupe ndani, hiyo ni chokaa ya mate, na siki iliyozimuliwa nusu kwa nusu huutoa. Siki itangulie, soda ifuate, ukizichanganya zinauana.

Rangi mimi ningeiacha. Ukishindwa kuvumilia, chukua msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kwa wauza rangi za magari, usugue mgongoni tu huku ukiulowesha, vumbi lisikuingie puani. Pale bapa panapolala ridi, pamoja na kingo na ncha, msasa usifike kabisa: kupungua sehemu chache za mia za milimita kunabadilisha sauti.

Kasha nalo limenyonya harufu. Lianike wazi kwenye upepo, nje ya jua, siku kadhaa. Na kwa joto letu la Mombasa, usiliache kwenye buti la gari ukisubiri feri Likoni.

Tupia picha ya ile ncha kwa karibu. Ikiwa imemeguka, kuosha hakutaisaidia, tafuta mdomo mwingine.