Tumbo husaga au humeng'enya?

Swali: Mwanangu aliulizwa kazi ya tumbo, akaandika "tumbo husaga chakula". Mwalimu akamkosoa, akasema jibu ni "humeng'enya". Mbona kila siku tunasema chakula hakijasagika tumboni? Kuna tofauti gani?

Jibu: Ningempa mtoto nusu ya alama. Kusaga ni kazi ya nguvu: kitu kikubwa huwa kidogo, lakini hubaki kilekile. Mahindi yakisagwa huwa unga, na unga ule bado ni mahindi. Magego hufanya hivyo kinywani, kisha misuli ya tumbo hukikandakanda chakula hadi kiwe rojorojo. Huo ndio mmeng'enyo wa kimakanika.

Kumeng'enya ni pana zaidi. Ndani yake kumo kusaga, na pia lile ambalo meno hayaliwezi: kukibadili chakula chenyewe kiwe kitu kingine. Tafuna tonge la ugali taratibu, usimeze upesi. Baada ya muda utasikia utamu kwa mbali. Amilesi iliyomo kwenye mate imeanza kuuvunja wanga kuwa sukari, na huo sasa ni mmeng'enyo wa kikemikali. Amilesi huitwa kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili inayokivunja chakula; nomino hiyo imetokana na kitenzi hichohicho. Kwa hiyo "mate husaga wanga" ni kosa, "mate humeng'enya wanga" ni sawa. Tumboni nako kuna kimeng'enya kingine, pepsini, inayovunja protini palipo na asidi. Ndiyo maana "husaga" peke yake huliacha jibu la mwanao njiani.

Nyongo ndiyo huwatega wengi, wakaiita kimeng'enya. Siyo. Nyongo huyagawa mafuta yawe matone madogo sana, nayo hubaki mafuta vilevile. Kimeng'enya kinachoyavunja hasa ni lipesi, itokayo zaidi kwenye kongosho. Kitenzi kinachoifaa nyongo ni kutawanya.

Mazungumzo ya nyumbani yaacheni kama yalivyo. Mgonjwa akisema "chakula hakijasagika" anaeleweka, na sioni sababu ya kumsahihisha mtu anayeumwa tumbo. Kwenye daftari la sayansi, andika "meng'enya", tena kwa ritifaa: ng' hiyo ni ya ng'ombe, si ya ngoma. Na ni "mmeng'enyo huu", kwa m mbili, kamwe si "mengenyo hii" kama ninavyoiona mara kwa mara.