Kijana Akishika Usukani, Mpe Ramani Isiyo na Laini

Kijana wa kaka yangu alipopata leseni, wiki hiyo hiyo alikuja kuniomba kazi. Mimi nauza mchele na asali hapa Tabora. Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mzigo wa kwenda Kigoma, na wa kurudi huwa mawese na dagaa. Nikamkabidhi Probox yangu huku roho inanidunda. Nilitaka aende kwanza safari mbili na dereva wangu wa zamani ili ajue njia.

"Njia gani tena, shangazi? Si ramani ipo."

Hilo "ramani ipo" limenila hela. Naandika ili na wewe mwenye mtoto au mpwa anayeanza kuendesha usiliwe kama mimi.

Tuanze na ile skrini inayokuja na gari. Wenye magari ya mtumba kutoka Japani tunaijua: ukiwasha, dada mmoja anakusalimia kwa Kijapani, halafu skrini inakuomba kadi ya ramani ambayo iling'olewa kabla gari halijapanda meli. Mafundi wanaotoza hela "kugeuza lugha" wapo, na lugha wakati mwingine hugeuka kweli, lakini ramani iliyomo ni ya Japani na itabaki hivyo. Hata FM yake imetengenezewa masafa ya kwao yanayoanzia 76, ndiyo maana stesheni zetu nyingi haizikamati mpaka ufungiwe kifaa cha kuongeza. Usitoe hata shilingi hapo.

Baadaye shemeji aliyeko Uingereza akatuletea Garmin, kifaa maalumu cha ramani za barabarani, zawadi safi kabisa, ndani ya boksi lake. Tukaiwasha uani. Ikasoma mahali tulipo bila shida, ila kigari kilisimama katikati ya ukurasa mtupu, hakuna barabara, hakuna mji, kama punje ya mchele juu ya sahani. Ilikuwa na ramani za Ulaya tu. Kosa si la waliokitengeneza. Vifaa vya namna hii huuzwa na ramani za eneo fulani, na za maeneo mengine zinanunuliwa peke yake. Kwa hiyo ukitaka kifaa maalumu, na kwa gari la safari ndefu si wazo baya, usiulize "kinafanya kazi?" Mwambie muuzaji akiwashe mbele yako, kisha tafuta mwenyewe vituo vya njia yako (kwangu ni Kaliua, Nguruka na Uvinza). Visipokuwepo, mrudishie boksi lake. Na usidanganyike na betri ya ndani. Vifaa hivi vinategemea umeme wa gari.

Kilichoniuma zaidi ni redio ya Android, ile redio ya gari yenye skrini inayoonyesha ramani kama simu. Duka silitaji. Kwenye boksi waliandika RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, fundi alipoifungua baadaye akanionyesha GB 1. Jua la mchana likiipiga, inaganda. Lakini hata ingekuwa nzima, tatizo lake kwa dereva kijana liko pale inapofungwa: chini, usawa wa magoti. Ili aione, lazima ainame. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde. Akiinamisha macho sekunde tatu amekwenda mita 66 akiwa kipofu, na kwenye barabara ya Urambo mita 66 zinatosha kwa mchungaji kuingiza kundi zima la ng'ombe barabarani. Dereva mzoefu anachungulia mara moja na kurudi. Kijana anakodoa.

Na redio hiyo ndiyo iliyomlaza porini.

Ilikuwa masika. Alikuwa ameshaipita Kaliua, redio inapata intaneti kwa hotspoti ya simu yake. Mtandao ukakata. Akaniambia baadaye kwamba mshale wa bluu uliendelea kutembea vizuri tu, ila chini yake barabara zikafutika, vikabaki vibokisi vya kijivu. Mbele akakuta mafundi wa barabara wameweka mchepuko. Badala ya kuwafuata walioweka kibao, yeye akajiaminisha kwamba alikuwa ameona kwenye ramani, kabla haijafutika, njia ya mkato inayotokea mbele. Kweli ilikuwepo. Ilikuwa njia ya baiskeli za magunia ya mkaa. Akaingia nayo kwenye udongo mweusi wa mbuga, Probox ikakaa kwa tumbo, na mzigo wangu wa mchele ukalala humo na mwenye kuubeba. Asubuhi wanakijiji walikata matawi, wakatandika chini ya matairi, wakamtoa. Hawakutaka hela, waliomba mchele, na wallahi waliustahili.

Nilipotulia, hasira zikaisha, nikamuuliza kwa nini hakugeuza. "Bando liliisha, shangazi, GPS ikafa." Hapo nikajua kwamba hakujua anachotumia, na mimi niliyemnunulia sikujua pia. Tukakaa na jirani yetu, mwalimu mstaafu wa fizikia, akatufundisha barazani.

GPS haili bando. Ni setilaiti za Marekani, zilianza kurushwa mwaka 1978, zinazunguka juu kiasi cha kilomita 20,000, na hazijui kama una vocha au huna. Kifaa chako kinasikiliza tu, kama redio. Kikizisikia nne au zaidi kinapiga hesabu na kujua kilipo, hata katikati ya pori la Ugalla. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayowekwa chini ya mshale. Ukiipakua mapema ikakaa ndani ya simu, mtandao ukikata hakuna kinachofutika. Mtandao unasaidia kuzipata setilaiti haraka, basi. Bila mtandao, ukiwasha mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa, na chini ya bati ndiyo utangoja sana. Toa gari nje, penye anga wazi, ngoja mshale utulie, ndipo uondoke.

Baada ya somo hilo sikununua kitu kipya. Nilichukua simu yangu ya zamani ya Android, ile yenye ufa pembeni, nikatoa laini, nikaifuta yote, tukapakia ramani. Hii ndiyo ninayompendekezea kila mtu kwa kijana wa gari: simu isiyo na laini. Haipigiwi. Haiingii ujumbe wa WhatsApp katikati ya kona. Hakuna kundi la wanafunzi wenzake wanaotuma vichekesho. Simu yake ya mawasiliano inakaa kwenye begi kiti cha nyuma, na akitaka kuongea na mimi anasimama. Nilishangaa kuona kwamba hasara kubwa ya simu kama ramani ni ile laini yenyewe.

Ukitaka kutumia tableti badala yake, angalia sana. iPad zisizo na sehemu ya laini hazina GPS, na tableti nyingi za bei nafuu ni hivyo hivyo.

Ramani tuliyoweka ni programu ya Organic Maps, inayotumia ramani ya OpenStreetMap iliyochorwa na watu wa kujitolea. Programu ya OsmAnd nayo ni nzuri ila ina vitufe vingi mno kwa mtu mwenye haraka. Zote mbili unaweza kuziambia zikwepe barabara za vumbi, na kwa kijana yule niliweka hivyo kwa mkono wangu. Google Maps pia inapakuliwa, lakini ukae ukiisasisha, maana eneo ulilopakua lina muda wake.

Jina la mahali usiliamini peke yake. Andika "Majengo" uone utapelekwa mji gani. Sisi tuliweka alama wenyewe: stoo ya mteja aliyeko Mwandiga, mahali pa kupakia dagaa, kituo cha mafuta tunachokiamini, na njia panda mbili zinazochanganya. Aliziweka yeye, mimi nikiwa nimekaa pembeni, katika zile safari mbili na dereva wa zamani alizozikataa mwanzoni.

Kuhusu kuishika: holda ya kubana kwenye matundu ya kiyoyozi. Zile za kunyonya kioo huachia kukiwa na joto, na simu iliyoanikwa juu ya dashibodi saa nane mchana hujizima yenyewe. Kwenye matundu inapata upepo, na macho hayashuki mbali. Chaja nunua ya ampea 2 au zaidi. Nilianza na ya elfu tatu ya ampea 1, skrini ikiwa inawaka muda wote betri ilikuwa inashuka huku inachaji. Sauti iwe juu, mwangaza uwe wa kutosha, safari ipangwe gari likiwa limesimama. Sheria yangu moja ambayo haina mjadala: akitaka kugusa ile simu, tairi zisiwe zinazunguka.

Kabla hajaondoka tulimjaribu hapa mjini. Hakuna laini wala Wi-Fi, anipeleke Kwihara kwenye tembe la Livingstone kwa kusikiliza sauti tu, nami nimeifunika skrini kwa kitenge. Alikosea mara moja, karibu na reli, akasimama pembeni, akashusha kioo na kumuuliza mama muuza maembe. Nikaondoa kitenge.

Sasa anakwenda Kigoma bila mtu. Akifika Nguruka anasimama, anatoa simu yake ya kitochi kwenye begi, ananipigia. Juzi alinipigia kabla ya muda wake, nikashtuka.

"Kuna mchepuko mwingine, shangazi. Ramani inasema nyooka."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimesimama nyuma ya lori la mafuta, nitalifuata."