Skafoidi isiyounga: kupandikizwa mfupa au kuacha?

Pole sana, kaka. Umeuliza kama ukubali kupandikizwa mfupa, maana skafoidi uliyoivunja ukidaka mpira haijaunga hata baada ya plasta. Mimi ningekubali. Kamfupa hako, kadogo kama korosho, kako kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na damu yake nyingi huingilia upande wa vidole kisha kurudi nyuma. Ufa ukiikata njia hiyo, kipande cha nyuma hukosa damu na kinaweza kufa. Ukiacha hivyo, kiungo husagika polepole miaka ikipita.

Daktari hukwangua uchafu uliojaa kwenye ufa, hujaza mfupa uliochotwa nyongani au hapo hapo karibu na kifundo cha mkono, halafu hukaza kwa skrubu. Ukichotwa nyongani jiandae, maana siku za mwanzo nyonga inaweza kuuma kuliko mkono wenyewe.

Muulize kama kipande cha nyuma bado kina damu. Kama hakina, huenda ukahitaji mfupa unaopandikizwa pamoja na mshipa wake wa damu. Kabla ya kurudi golini omba picha ya CT (inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka) kuhakikisha umeunga, kwani eksirei ya kawaida inaweza kudanganya. Na kama unavuta sigara, tafadhali acha leo: inazuia mfupa kuunga.