Kawa, mkasi na akili za mzazi

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema juzi, na mtoto bado mchanga, ulisimama jikoni ukimwambia mumeo akupe "kile, kile cha kufunikia chakula", neno kawa likagoma kuja mpaka machozi yakakutoka. Ukaniuliza: "Mama, akili zangu zitarudi? Na wewe mwaka ule nikiwa kidato cha pili, ulikuwa na nini?" Nimeona nikuandikie. Kwenye simu ningeyaruka yale magumu.

Nimefanya ukunga miaka thelathini na mbili. Darasani tulifundishwa nyonga, mfuko wa uzazi, damu na namna ya kuizuia. Ubongo wa mama hakuna aliyeutaja. Mzazi akilia siku ya nne tulimwambia "nyamaza, una mtoto mzuri", tukaendelea na zamu. Hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana haya nimeyatafuta na kuyasoma baada ya kustaafu.

Kondo la nyuma, mwanangu, ni kiwanda cha homoni. Estrojeni na projesteroni hupanda wakati wa mimba kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yako, na zote mbili zinafika ubongoni. Kondo likishatoka, ndani ya siku chache tu zinaporomoka. Machozi ya siku ya tatu hadi ya tano humjia hata aliyejifungua salama, mwenye mume mwema na uji wa pilipili manga pembeni ya kitanda.

Watafiti wa Barcelona waliwapiga picha za ubongo wanawake 25 kabla ya mimba ya kwanza na tena baada ya kujifungua. Matokeo yakatoka Desemba 2016. Sehemu zinazotumika kusoma hisia na nia za mtu mwingine zilikuwa zimepungua ujazo, na miaka miwili baadaye hali ilikuwa bado hivyo kwa kiasi kikubwa. Usishtuke kusikia zimepungua. Unamkumbuka babu yako Muheza akipogoa michungwa? Ulilia ukidhani anaiua. Watafiti wanaona huenda ubongo nao unapogolewa, kama unavyopogolewa wakati wa kubalehe, ili kazi moja ifanyike vizuri zaidi. Na katika utafiti huohuo, mama ambao ubongo wao ulibadilika zaidi ndio walioeleza kwamba wameshikamana zaidi na watoto wao. Kumbukumbu zao zilipopimwa, hazikuonekana kushuka.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine, wa mwanasayansi wa California, Elizabeth Chrastil. Ubongo uliopigwa picha ni wake mwenyewe, mara 26, tangu kabla ya mimba hadi mtoto alipotimiza miaka miwili. Mabadiliko yalikwenda sambamba na homoni zilivyopanda. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Ni wanawake wangapi nimewapokea leba, na kitu kikubwa namna hiyo kikitokea vichwani mwao bila mimi kujua?

Kwa hiyo kawa yako haijapotea. Umelala kwa muda wa saa mbili, umeamka, umelala tena kwa saa moja, na masikio yako yote yako kwa mtoto. Neno litarudi ukipata usingizi.

Ila nisikilize hapa kama mkunga, si kama mama. Huzuni ikizidi wiki mbili, au ukijiona huna hamu hata ya kumbeba mtoto, nenda hospitali uwaambie hivyohivyo. Hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua na inatibika. Na ukisikia sauti, au wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwamshe mumeo mwende siku hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Sasa mwaka ule. Ilikuwa 2009, nina miaka arobaini na tisa, hedhi zimeanza kuruka. Siku moja leba mtoto ameshatoka, kitovu nimeshakibana, nanyoosha mkono kwa mwanafunzi wa ukunga: "Nipe..." Neno mkasi halipo. Kitu nilichokishika kila siku ya kazi! Yule binti alinitazama usoni, kisha akaniwekea mkasi mkononi bila kusema neno. Nilikata kitovu, nikaenda stoo nikalia.

Usiku nilikuwa naamka shuka limelowa, nafungua madirisha, baba yako anayafunga kwa ajili ya mbu. Kituo kimoja nilikoenda waliniambia ni presha, wakanipa panadol. Kumbe ubongoni kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayopima joto la mwili. Estrojeni huzituliza seli fulani za hapo. Ikipungua, kama inavyokuwa hedhi zikikaribia kukoma, zinachachamaa, na joto dogo, hata la kikombe cha chai, mwili unalipokea kama moto. Jasho linamwagika, usingizi unakatika, na asubuhi unakwenda kazini. Mwaka uleule wa mkasi wangu, Marekani ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wanawake 2,362 kwa miaka minne: uwezo wa kujifunza mambo mapya ulisuasua katika kipindi cha mpito kuelekea kukoma hedhi, kisha ukarejea hedhi ilipokwisha kukoma. Kwangu pia ulirejea. Zipo dawa za homoni zinazosaidia, si kwa kila mwanamke, na daktari lazima akupime kwanza. Mimi sikuzipata kwa sababu sikujua hata la kuuliza.

Ule wali ulioungua, nikakufukuza jikoni mbele ya wageni na maneno niliyokutolea, sikuwahi kukuomba radhi. Sikuwa nimekuchukia, mwanangu. Nilikuwa sijalala miezi na naogopa kwamba nawehuka. Lakini homoni hazikukutukana. Ulimi ulikuwa wangu. Nisamehe.

Jumamosi nakuja na basi la alfajiri. Mwambie mumeo asinisubiri stendi, nitachukua bodaboda. Kamua maziwa jioni uyaweke kwenye friji, mtoto alale na mimi. Wewe ufunge mlango wa chumba chako.

Mama yako
Tanga